Kete, Vifuniko na Saa za Jioni: Historia ya Michezo ya Ubao Kibera na Kawangware

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, iliyo kusini-magharibi na magharibi mwa katikati ya jiji la Nairobi, mchezo wa ubao unaochezwa jioni na kundi lile lile la marafiki, mahali pale pale, ni desturi ambayo mizizi yake ni mirefu kuliko umri wa mitaa yenyewe, ingawa umbo lake la leo, yaani ubao wa drafti uliowekwa juu ya benchi au mapajani mwa watu wawili huku wengine wakizunguka kungoja zamu, ni zao la karne ya 20. Historia ya desturi hii imezoeleka kuelezwa kwa kufuatisha michezo, upi ulitangulia na upi ulifuata, na njia hiyo ina manufaa yake. Hata hivyo, mchezo haukuwahi kuwa kitu adimu kwa watu waliojenga mitaa hii, kwa kuwa kila jamii iliyofika Nairobi ilifika ikiwa na wake. Kilichokuwa adimu ni jioni: saa chache kati ya kutoka kazini na kulala, ambazo mtu angeweza kuketi na wenzake nje ya nyumba bila kuulizwa anafanya nini hapo. Kwa hiyo historia ya kete haiwezi kutenganishwa na historia ya saa hizo.

Neno la Kiswahili linalokusanya sehemu kubwa ya michezo ya asili ya ubao ni bao, ambalo ni ndugu wa neno ubao, na ambalo siku hizi limehamia hata kwenye soka, ambako timu ikitia mpira wavuni huhesabiwa bao. Wataalamu huuita ukoo wa michezo hiyo mankala, kutokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuhamisha, kwa sababu katika michezo yote ya ukoo huo mchezaji huchota kete kutoka shimo moja na kuzigawa moja moja katika mashimo yanayofuata. Bao la pwani, ambalo huitwa bao la Kiswahili, ndilo lenye kanuni nzito kuliko yote yanayojulikana Afrika Mashariki. Lina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64, ambazo kwa kawaida ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mmea wa mkomwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa katika shimo kubwa liitwalo nyumba na nyingine zikiwa mbili mbili katika mashimo mawili jirani, huku kete 22 zikibaki mkononi ili ziingizwe moja moja katika awamu ya kwanza, ambayo ni awamu ya namua. Zikishaisha za mkononi huanza awamu ya mtaji, ambapo mchezaji hutumia zilizoko ubaoni tu, na anayeishiwa kete katika safu yake ya mbele huwa ameshindwa. Mtaalamu wa Kiholanzi Alexander de Voogt, aliyechunguza mabingwa wa Zanzibar, alichapisha mwaka 1995 kitabu kizima kuhusu uwezo wa akili ya mcheza bao wa kuona mbele hesabu za mgao mrefu bila kugusa kete.

Watu wa bara walikuwa na michezo ya ukoo huo huo, iliyokuwa myepesi kwa kanuni lakini si kwa mapenzi ya wachezaji. Wakikuyu walicheza giuthi, mchezo wa safu mbili, ambao mwanaanthropolojia Louis Leakey aliueleza katika kitabu chake kikubwa kuhusu maisha ya Wakikuyu wa kusini ya kabla ya mwaka 1903. Wajaluo walicheza ajua, ambao nao una safu mbili, za mashimo 8 kila moja, na kete 3 katika kila shimo wakati wa kuanza. Waganda walikuwa na omweso, wenye safu 4 na kete 64 kama bao la pwani, na uliothaminiwa hata katika mazingira ya Kabaka, mfalme wao. Mchezo wa namna hii haukuhitaji fundi wala duka, kwa kuwa wachunga mifugo walichimba vishimo ardhini, wakaokota mbegu au vijiwe, wakacheza, kisha wakaondoka na kuviacha vishimo hapo hapo. Pale ambapo ardhi ilikuwa mwamba, vishimo vilichongwa vikabaki, na mtu anayezuru Hyrax Hill karibu na Nakuru, eneo lililochimbuliwa na mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, anaweza kuona safu za mashimo ya bao kwenye jiwe, ushahidi wa watu waliokuwa na nafasi ya kuketi muda mrefu mahali pamoja.

Kibera ilianza kama makazi ya askari. Wanubi, ambao ndio wakazi wake wa kwanza wanaokumbukwa, ni wazao wa askari wa Kisudani waliobaki katika jimbo la Ikweta baada ya gavana wake, Emin Pasha, kuondoka mwaka 1889, wakaandikishwa na afisa wa Kiingereza Frederick Lugard mwaka 1891 kwa kazi ya Uganda, na hatimaye wakaingia katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Kuanzia mwaka 1904 baadhi yao waliruhusiwa kukaa na familia zao katika msitu ulio pembeni mwa Nairobi, nao wakaupa jina Kibra, ambalo kwa Kinubi humaanisha msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi eneo hilo la ekari 4,197 kuwa hifadhi ya kijeshi. Njia ya jamii hii ilipita katika nchi za bao mwanzo hadi mwisho: katika bonde la Mto Nile, ambako Mwingereza Edward Lane alieleza mwaka 1836 jinsi mankala ilivyochezwa katika mikahawa ya Misri, na katika Uganda ya omweso, ambako Wanubi wengi walibaki na kufanya Bombo kuwa kitovu chao. Askari mstaafu aliyepewa shamba Kibera badala ya pensheni alikuwa na jambo moja ambalo Waafrika wengi wa Nairobi hawakuwa nalo, nalo ni ua wake mwenyewe, na haki, hata kama ilikuwa ya kuvumiliwa tu, ya kuketi humo na jirani zake baada ya swala ya magharibi.

Kawangware ilizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Ilikuwa sehemu ya Dagoretti, ardhi ya mbari za Wakikuyu katika wilaya ya Kiambu, na jina lake hufungamanishwa na ngware, ndege ambaye kwa Kiswahili ni kwale. Kwa kuwa haikuwa ndani ya mipaka ya manispaa, ilipakana na vitongoji vya Wazungu vya magharibi bila kufungwa na kanuni za ujenzi za mji, na watunza bustani, wapishi na mafundi waliofanya kazi katika vitongoji hivyo walipanga vyumba katika ploti za wenye ardhi. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa hadi takriban kilomita za mraba 690, Dagoretti ikamezwa, na wapangaji wakaongezeka kutoka Magharibi mwa Kenya, Nyanza, Ukambani na kwingineko. Sehemu za Kawangware kama Kongo, yenye steji na maduka yake, ziliendelea kukua kwa mtindo huo wa ploti: vyumba vinavyotazamana, ua mwembamba katikati, kamba za nguo, bomba moja au pipa la maji, na lango la mabati.

Mchanganyiko huo wa watu ndio uliobadilisha mchezo. Mwanamume kutoka Siaya aliyepanga karibu na mwanamume kutoka Murang'a na mwingine kutoka Vihiga alikuwa na bao lake kichwani, nao walikuwa na lao, lakini kanuni hazikulingana, na kila mmoja alikuwa amefundishwa na babu yake kwamba hivyo ndivyo mchezo unavyochezwa. Drafti haikuwa mchezo wa babu wa yeyote kati yao. Ilikuja na Waingereza, ambao kitabu chao cha kwanza kinachofahamika kuhusu mchezo huo kiliandikwa na William Payne mwaka 1756, kikiwa na maneno ya kutabaruku yaliyoandikwa na Samuel Johnson. Ni busara kuamini kwamba ugeni wake ndio uliousaidia kushinda, kwa kuwa katika mtaa wa lugha nyingi mchezo usio na mwenyewe ni mchezo wa wote, na hakuna anayeingia ubaoni akiwa mgeni wa mwenzake. Wachezaji wa Nairobi, hata hivyo, hawakuupokea kama ulivyokuwa. Katika drafti ya Kiingereza kete iliyofika mwisho wa ubao na kuvikwa taji husogea hatua moja tu, mbele au nyuma, ilhali kingi, yaani kete hiyo yenye taji, wa mitaa ya Nairobi, kama alivyo kwa majirani wa Tanzania, hukimbia mshazari mzima na kula akiwa mbali, jambo linaloufanya mwisho wa mchezo kuwa wa hatari na wa kasi.

Vifaa vya drafti ya mtaani vinastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake kuna historia nyingine ndogo. Kifuniko cha chupa chenye meno pembeni kilibuniwa na William Painter wa Baltimore, Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1892, na kwa miaka mingi kilikuwa na meno 24 kabla ya kupunguzwa hadi 21. Kampuni ya bia iliyoanzishwa Ruaraka mwaka 1922, na viwanda vya soda vilivyofuata, viliijaza Nairobi chupa, na chupa zikaijaza mitaa vifuniko, ambavyo havikuwa na kazi nyingine wala bei. Ubao wa drafti una viraba 64, lakini 32 tu ndivyo vinavyotumika, na kila mchezaji huwa na kete 12, hivyo vifuniko 24 vinatosha mchezo mzima na vinaingia katika mfuko mmoja wa koti. Ubao wenyewe huwa kipande cha plaiwudi au mlango wa kabati uliotupwa, uliopigwa mistari kwa rula ya mwanafunzi na kutiwa weusi kwa kalamu ya wino mzito, ambao hufifia kwanza katikati, mahali ambapo kete hupita mara nyingi zaidi. Wachezaji wasipopata vifuniko vya rangi mbili hawashindwi: wa upande mmoja huvilaza vyake kifudifudi, meno yakigusa ubao, na wa pili huvilaza chali, meno yakitazama juu. Kete inapokuwa kingi hubebeshwa kifuniko cha pili mgongoni, na kwa upande wa waliolala chali vifuniko viwili hukaa kimoja ndani ya kingine kama vikombe, visiweze kuanguka hata mchezaji akipiga ubao kwa kiganja, kama ilivyo desturi ya anayekula kete tatu kwa mpigo mmoja.

Kula ni lazima, na kanuni hiyo moja ndiyo inayozaa ufundi wote wa drafti, kwani mchezaji mwerevu hutoa kete yake iliwe ili amlazimishe mwenzake kwenda mahali ambapo hakutaka kwenda. Mara nyingi aliyeshinda hubaki kwenye kiti na aliyeshindwa huinuka kumpisha mwingine, na utaratibu huu huamua ukubwa wa kundi: wakiwa watatu zamu huja upesi, wakifika kumi mtu anaweza kungoja saa nzima, na ndiyo maana watazamaji ni sehemu ya mchezo, wakibishana, wakikumbushana makosa ya jana, na wakikatazwa kila mara wasimwonyeshe mchezaji njia. Mahali penyewe vijana wa Nairobi hupaita «base», neno la Sheng linalokaribiana na kijiwe cha Tanzania na baraza ya Lamu au Mombasa, lakini tofauti yake ni kwamba baraza imejengwa kwa mawe mbele ya nyumba ya mtu anayejulikana, ilhali base haina mwenyewe, na inaweza kuondolewa na mwenye ploti, polisi au tingatinga siku yoyote.

Ni katika hatua hii ndipo suala la jioni linapoonekana waziwazi. Mfumo wa kipande, yaani cheti cha usajili ambacho kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alilazimika kubeba, ulianza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na pamoja na sheria dhidi ya uzururaji ulimfanya mtu aliyeketi mjini bila kazi kuwa mshukiwa. Kuketi kulihitaji maelezo. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni tarehe 20 Oktoba 1952 ilizidisha makali hayo, hasa kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, na katika msako wa Operesheni Anvil ulioanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954 zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini. Katika Kiambu na maeneo mengine ya Wakikuyu, zaidi ya watu milioni 1 walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, ambako baada ya saa iliyowekwa hakuna aliyeruhusiwa kuonekana nje. Kwa miaka kadhaa, katika ardhi iliyo jirani ya Kawangware, kundi la wanaume walioketi wakiinamia kitu gizani lilikuwa jambo la kuhatarisha maisha, hata kama kitu hicho kilikuwa vishimo na vijiwe tu. Hali ya hatari ilikoma mwaka 1960, na ni baada ya hapo ndipo mchezo wa jioni wa hadharani ulipoweza kuwa mazoea ya watu wa kawaida.

Uhuru haukuleta nafasi ndani ya nyumba. Chumba cha kawaida cha Kibera kina ukubwa wa futi 10 kwa 10, kikiwa na ukuta wa udongo au mabati, na ndani yake hulala familia nzima, hupikwa, na watoto hufanyia humo kazi za shule, kwa hiyo mtu aliyetoka kazini Industrial Area, aghalabu kwa miguu, hukaa nje kwa sababu ndani hakuna mahali pa kukaa. Mwanga nao uliweka mpaka wake. Koroboi, taa ndogo ya bati inayotumia mafuta ya taa, humulika uso wa ubao lakini huzimwa na upepo, na mafuta yake yanagharimu pesa ambazo hakuna aliyetaka kuzichomea drafti. Katika miaka ya 2000 nguzo ndefu za taa, ambazo wakazi walizibatiza jina la mulika mwizi, zilisimamishwa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, Kibera ikiwemo, na ingawa lengo lilikuwa usalama, taa hizo ziliwaongezea wachezaji, wauza mandazi na wauza samaki wa kukaanga saa kadhaa za kukaa nje.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliyaruhusu mabaa kufunguliwa kuanzia saa 11 jioni siku za kazi na saa 8 mchana mwisho wa wiki, ikaipa drafti ya alasiri umuhimu mpya, kwa kuwa saa za kungoja mlango wa baa ufunguliwe zilihitaji kujazwa. Kutoka katikati ya muongo wa 2010 kamari ya mpira kwa simu ilichukua vijana wengi, na vijiwe vingine vikageuka mahali pa kulinganisha mikeka ya kubashiri. Ludo, iliyosajiliwa Uingereza mwaka 1896 na yenye asili katika pachisi ya India, ilijipatia nafasi katika vinyozi na saluni, ambako dadu humpa hata mwanafunzi nafasi ya kumshinda mkubwa. Sataranji, ambayo vijana huiita chesi, ilipata heshima mpya Afrika Mashariki kutokana na habari za Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende na ambaye maisha yake yaliandikwa kitabu mwaka 2012 na kutengenezewa filamu mwaka 2016.

Habari za Mutesi zinaibua jambo ambalo maelezo mengi ya michezo hii hulipita haraka. Karibu kila kijiwe cha drafti ni cha wanaume, na sababu haimo ubaoni. Jioni ya mwanamke wa Kibera ni saa za foleni ya maji na dumu la lita 20, za moto, za kuwaogesha watoto, na kwa wengi ni saa za kuuza kando ya njia, wakati ambapo wateja wanarudi kutoka kazini. Mume anapokuwa na jioni, mara nyingi ni kwa sababu mke amekwisha kuitumia ya kwake. Wasichana wanaojifunza chesi hujifunza shuleni au katika vituo vya watoto, mchana, mbele ya mwalimu, katika muda uliotengwa na kulindwa kwa ajili yao, na ni vigumu kuona wangeupata vipi kwingine.

Serikali iligusa tena jioni za Nairobi tarehe 27 Machi 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipoifanya Kenya kuweka kafyu ya nchi nzima kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Katika ploti zenye lango, amri ya kutotoka iliwaacha wapangaji ndani ya ua mmoja, hivyo ubao ungeweza kubaki ukizungukwa na majirani wa karibu tu, lakini kijiwe cha kando ya barabara, kile kinachokusanya mtu wa Gatwekera na wa Makina ndani ya Kibera, au mtu wa steji ya Kongo na wa ng'ambo ya barabara, kilikufa saa ile ile ambayo kwa kawaida kilianza. Saa za kafyu zilisogezwa mbele na kurudishwa nyuma mara kadhaa kwa muda wa karibu miezi 19, hadi Rais Uhuru Kenyatta alipoiondoa katika sherehe za Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2021, miaka 69 kamili tangu kutangazwa kwa hali ya hatari. Usiku huo saa za jioni zilirudi mikononi mwa wakazi wa Kibera na Kawangware, isipokuwa kwa wale waliokuwa wakichota maji na kupika saa hizo kabla ya kafyu, wakati wa kafyu, na baada yake.